Mama wa ngoma, mama wa kuchua: kazi zangu mbili hapa Mtwara

Watu wa hapa Mtwara wananiita majina mawili. Wa zamani wananijua kama mama wa ngoma maana nimekaa kwenye uongozi wa vikundi vya sanaa tangu nikiwa binti, hawa wa juzijuzi, vijana wa boda na akina mama wanaobangua korosho, wananiita mama wa kuchua. Na kuna wengine wananionea huruma kabisa, kwamba mtu aliyekuwa anakaa meza kuu na wakubwa leo anapaka watu mafuta mgongoni, yaani nimeshuka. Sijashuka. Tena kwa upande wa hela nimepanda kidogo, ila hilo tutafika.

Naandika maana wadogo zangu wa kwenye sanaa, hasa wale ambao magoti yameanza kuwaambia ukweli, wananiuliza nilianzaje hii kazi ya masaji na kama mtu anaweza kuzishika zote mbili. Anaweza. Sababu ni kwamba hizi kazi zinaumwa ugonjwa mmoja, watu hawazioni kama ni kazi. Ukicheza ngoma wanasema ni furaha yako, kipaji hicho, Mungu kakupa. Ukimchua mtu wanasema una mkono mwepesi, baraka hiyo, hebu nishike na mimi hapa begani dakika mbili tu. Kitu kikishaitwa baraka bei yake inakuwa asante. Miaka mingi kwenye sanaa nimeitumia kupigana na hiyo asante, na nilipoingia kwenye kuchua nikaikuta imekaa mlangoni inanisubiri.

Nianze na ngoma maana ndo ilinilea. Kwetu Newala, uwanda wa juu kule, ila nimekulia Mtwara mjini. Ukitoka nje ya mkoa watu wanajua sindimba tu, tena ile ya mashuleni, maana baada ya uhuru ilibebwa na vikundi vya taifa ikazungushwa nchi nzima mpaka ikawa inafundishwa watoto ambao hata Newala hawajui iko upande gani. Huku kwetu kuna mengi zaidi ya hiyo, kuna mapiko, ile ya vinyago vya kuvaa kichwani, kuna ngoma za Wamakua na Wayao, ukivuka kwenda Lindi kuna za Wamwera, na kuna za unyago ambazo hazichezwi mbele ya mgeni rasmi hata mkitangaziwa hela, maana mkizicheza mnakuwa mmeuza kitu ambacho si chenu. Mimi nilikuwa mchezaji kwanza, nikawa mtunza vifaa, nikawa katibu, mwisho nikawa kiongozi wa kikundi na baadae nikawa nasimamia vikundi kadhaa kwa pamoja, kuwasajili BASATA, lile Baraza la Sanaa la Taifa, kuandika maandiko ya mradi, kutafuta usafiri, kugombana na watu wa muziki wa spika.

Sasa mtu anayetazama haoni mwili unafanya nini pale. Mcheza mapiko anavaa lipiko la mti kichwani, limeinamia nyuma, na anaonea kwenye mdomo wa lile lipiko, si kwenye macho, kwahiyo shingo yake muda wote iko pembe ambayo haikuumbiwa, alaf anatakiwa atikisike mwili mzima na njuga zake na apambane na wapiga ngoma bila kujikwaa. Sindimba unacheza magoti yamekunjwa, nyonga inafanya kazi ambayo mtu wa ofisini hawezi kuifanya dakika moja. Mpiga ngoma naye ndo usiseme, mabega, mikono, na kabla ya yote hayo ameinama motoni anapasha ngozi ya ngoma ikaze. Hawa ndo watu wanaolipwa soda.

Na soda si utani. Kuna kipindi tuliitwa na ofisi moja kupokea mgeni, tukaambiwa saa tatu kamili, sisi saa moja na nusu tuko pale tumevaa, mgeni akafika mchana umeshapinduka. Muda wote huo kila gari likionekana kwa mbali tunaambiwa haya haya chezeni, tunacheza, gari linapita ni la mtu mwingine kabisa anaenda zake, tunasimama. Lami inachoma na wachezaji wako peku. Mgeni alivyoshuka akapunga mkono akaingia ndani, sisi tukapewa kreti za soda na tukaambiwa tushukuru maana tumeonekana kwenye televisheni. Mmoja wa mabinti zangu siku ile nyayo zilitoka malengelenge.

Baada ya hapo nikaandika mkataba. Ulikuwa ukurasa mmoja tu wa Kiswahili cha kawaida. Kifungu cha nne ndo kilinipa umaarufu mbaya mjini: kikundi kikisubiri zaidi ya saa moja baada ya muda ulioandikwa, kila saa inalipiwa, na wenyeji watoe kivuli na maji ya kunywa. Walicheka. Bwana mmoja akaniambia mama wewe unatoza mpaka kukaa? Nikamwambia baba, bajaji yako ukiiambia isubiri inatoza, na ile ina matairi. Alisaini, lakini si mara ile, alisaini baada ya kukosa kikundi kingine maana nilikuwa nimeshazungumza na viongozi wenzangu wa Mikindani na Nanguruwe tukakubaliana kifungu kile kiwe kwa wote. Hapo ndo uongozi wa sanaa ulipo kwa maoni yangu, si kwenye kushika maiki. Ni kwenda kwa wenzako usiku mmoja mmoja mkubaliane bei kabla mnunuzi hajafika. Wakulima wa korosho wanalijua hili vizuri kuliko wasanii.

Kuchua kulianzia ndani ya hiyohiyo safari. Nyie mnaosafiri sasa hivi mnashuka Dar siku hiyohiyo hamtaelewa, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 tulikuwa tunavuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na kabla na baada ya kivuko ni mchanga au tope kutegemea na mwezi, na hata daraja lilivyokuja kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga kilichelewa lami miaka. Kikundi kinapanda gari na ngoma na mizigo, tunafika Bagamoyo kwenye tamasha pale chuo cha sanaa watu wamekakamaa hawawezi hata kuinama, na kesho yake asubuhi kuna onyesho. Tulikuwa na kungwi wetu, mfundaji wa mabinti wa unyago, bibi wa makamo wakati huo, yeye ndo alikuwa anakuja na sisi kwa ajili ya mabinti. Usiku anachemsha maji, anatoa chupa ya mafuta ya nazi, anaanza mmoja mmoja, na mimi namshikia taa. Siku moja akachoka akaniambia endelea wewe, nikaendelea, akanitazama akasema nkono wako unasikia, mwanangu, wa wenzio unakandamiza tu.

Basi ikawa hivyo kwa miaka, mie kiongozi wa kikundi mchana na mchuaji usiku, bure. Nilivyofika umri ambao mwenyewe siwezi tena kukaa chini kwenye magoti nikaamua kwenda kusoma, nikafanya kozi Dar. Tulifundishwa ile inayoitwa masaji ya Kiswidi, mikono yake mitano: kupapasa kwa mkono mrefu, kukanda, kusugua, kupigapiga na kutikisa, ila majina tuliyokaririshwa yalikuwa ya Kifaransa na aliyeyazoesha alikuwa daktari Mholanzi wa karne ya 19 anaitwa Mezger, sisi tumekaa pale Wamakonde na Wazaramo tunajing'ata ulimi kuyatamka. Mengi ya mikono ile yule bibi kungwi wetu alikuwa anayafanya. Ambacho bibi hakuwa nacho, na ndo kilichonifanya nisijutie nauli, ni somo la wapi usiguse.

Hili nitalikalia kidogo maana watu wengi wanafungua vyumba vya masaji na hawalijui. Mtu mwenye homa humchui. Ngozi yenye jipu, kidonda, fangasi inayoambukiza, huishiki. Mtu aliyeanguka na pikipiki jana na anasema mbavu zinauma, humgusi mpaka apigwe picha. Mishipa ya damu iliyovimba miguuni kama kamba huikandamizi. Presha ambayo haijadhibitiwa unamwambia aanzie hospitali. Na kubwa kuliko zote, mguu mmoja. Mtu akija na mguu mmoja tu umevimba, hasa kwenye misuli ya nyuma ya goti kushuka chini, una joto, unauma ukiushika, na ametoka kwenye safari ndefu ya kukaa au kwenye upasuaji au amejifungua karibuni, hilo linaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa, na wewe ukilikanda unaweza kulisukuma likapanda mpaka kwenye mapafu likamuua. Nilimpata dereva mmoja wa masafa hivyohivyo. Alikuja na hela mkononi, anachechemea, anasema dada ni uchovu tu wa kukanyaga mafuta, nikande nikalale. Nikamwambia siugusi huo mguu, nenda hospitali sasa hivi na usijikande. Aligomba sana, akasema ndo maana wanawake hamfai kwenye biashara mnakataa hela. Walimlaza siku hiyohiyo. Baadae alituma mkewe aje kunisalimia, na mkewe ndo mteja wangu mpaka leo, yeye mwenyewe bado anaona aibu.

Na kuna ambayo bibi alikuwa anafanya mie sifanyi. Huku kwetu mwanamke akijifungua anakandwa tumbo kwa maji ya moto sana, ni heshima kabisa kwa mzazi. Manesi wengi siku hizi wanalikataza, watu wanaungua, na mie nimeshaona ngozi zilizoungua. Mama mkwe akija kuniita nikamkande mkamwana wake namwambia shikamoo mama, nitamkanda mgongo na miguu na mabega siku nesi akisharuhusu, tumbo hapana. Wapo wanaonuna. Kuna mmoja aliniambia wewe umesoma umepotea.

Somo jingine la darasani lilirudi moja kwa moja kwenye ngoma. Sisi wote tuliamini maumivu ya siku ya pili baada ya onyesho ni asidi imeganda kwenye misuli na inatakiwa ikamuliwe, ndo maana watu wanataka wachuliwe kwa nguvu mpaka walie. Kumbe ile asidi ya laktiki mwili unaiondoa wenyewe ndani ya muda mfupi tu, saa moja hivi, na yale maumivu ni misuli imejeruhiwa kidogokidogo kwa kazi ambayo haijaizoea, na kilele chake ni kati ya saa 24 na 72. Sasa ukishalijua hilo kama kiongozi wa kikundi unapanga ratiba tofauti. Nilikuwa naita mazoezi makali keshokutwa ya onyesho ili tusipoe, nikaacha, siku mbili za baada ya onyesho tunafanya kuimba, kushona mavazi, kufundisha watoto hatua za polepole. Watu hawakupoa. Walikuja mazoezini wengi zaidi kwakweli, maana walikuwa hawaumwi.

Na ngoma nayo ilinifundisha kuchua kitu ambacho mwalimu wa Dar alikuwa anakirudia kila siku na wenzangu hawakielewi, kwamba usitumie vidole. Mchuaji anayesukuma kwa vidole gumba baada ya miaka michache hawezi hata kufungua kopo. Mie vidole vyangu vizima mpaka leo maana nguvu inatoka kwenye goti na nyonga, unahamisha uzito wa mwili, mkono unafikisha tu, na hiyo ni sindimba, sikuhitaji kuambiwa. Hata kitanda nilimpelekea fundi seremala wetu nikamwambia kipime nikiwa nimesimama na mikono imeshuka, kiishie kwenye ngumi yangu, kisiwe juu kisiwe chini, na atoboe tundu la uso. Akauliza tundu la nini, nikamwonyesha kwa kulala kifudifudi kwenye benchi lake, mafundi wote wakaacha kazi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kila mwanamke anayefanya hii kazi analibeba. Ukisema masaji mjini watu wanakonyezana. Siwalaumu sana, kuna vyumba vinaitwa masaji na hakuna anayechuliwa humo. Nilivyofungua chumba changu wiki za kwanza simu zilizopigwa usiku zilikuwa za maswali ambayo siyaandiki. Na mji wenyewe huu ni mji wa watu wa dini, watu wa heshima, mume hawezi kumruhusu mkewe aende mahali kwenye jina lile, na mke hawezi kumruhusu mumewe ndo kabisa.

Lakini hili nilishawahi kulipigana. Unadhani mzazi wa Chuno au Magomeni alikuwa anamtoa binti yake wa miaka kumi na tisa aende Bagamoyo na kikundi cha ngoma kirahisi? Msanii wa kike alikuwa anaitwa majina hayohayo wanayoitwa wachuaji. Na nilivyofanya kwenye kikundi ni kwenda nyumba kwa nyumba, kukaa kwenye mkeka, kusalimia, kueleza tunalala wapi na nani anakaa na mabinti, na kungwi yuko pembeni yangu anasikika. Wazazi hawakuwa wanamwamini mtu wa sanaa, walikuwa wanamwamini yule bibi. Kwahiyo kwenye kuchua nikarudi kwa bibi yuleyule, amezeeka sasa, nikamwomba awe anakuja kukaa chumba cha mbele asubuhi. Anakaa anasuka ukili, anawasalimia wateja, anawauliza ni wa ukoo gani, simlipi kwa asante, namlipa kwa wiki. Ukiingia pale na nia mbaya ukamkuta bibi mwenye chale usoni anakuuliza njomba unaumwa wapi, nia inaisha yenyewe.

Mengine ni utaratibu tu. Mlango wa ndani haufungwi na ufunguo. Dirisha liko wazi na pazia. Mteja anafunikwa shuka na kinachofunuliwa ni sehemu ninayofanyia kazi tu, na kabla sijafunua nasema. Nguo ya ndani haivuliwi. Mwisho saa kumi na mbili jioni. Akisema neno moja la kunivunjia heshima natoa mikono, nanawa, nasema tumemaliza, na hela harudishiwi, imeandikwa ukutani. Haya nayaandika kwa ajili ya mabinti mnaotaka kuanza, muwe nayo kabla hamjanunua hata mafuta.

Mafuta yenyewe si shida huku kwetu, Lindi na Mtwara ni nchi ya ufuta na nazi, nachanganya yote mawili, ya ufuta yanateleza vizuri hayakauki haraka. Ila nauliza kila mtu kama kuna kitu kinamwasha. Akina mama wa korosho nawaangalia mikono kwanza kabla sijashika chochote, maana mafuta ya ganda la korosho yanachoma ngozi, na wale wanaobangua kwa mkono nyumbani wana madoa meusi na malengelenge vidoleni hata wakijipaka majivu. Mikono ya hivyo siichui. Wao shida yao kubwa iko shingoni na katikati ya mabega, umekaa chini umeinama unabangua toka asubuhi, na ukimuuliza anaumwa wapi anakwambia mshipa tu. Kila kitu ni mshipa. Nimejifunza kutobishana na mshipa, namwambia nionyeshe kwa kidole kimoja, si kwa kiganja. Kidole kimoja hakidanganyi.

Wachongaji wa vinyago wao ni watu wangu wa moyoni. Mpingo ni mti mgumu, huwezi kuubembeleza, mzee anakaa chini ameshika gogo kwa nyayo zake, tezo mkono mmoja, siku nzima, alaf baadae patasi na msasa. Wengi wa rika langu walihamia Dar zamani, pale Mwenge, waliobaki wako wachache. Kuna mzee mmoja alikuja kiwiko hakikunjuki, akaniambia mwanangu nitengenezee nkono huu nimalize kazi ya watu. Nilimchua, nikamwonyesha kunyoosha misuli ya mkono kabla na baada ya kazi, na nikamwambia kila akishapiga tezo muda fulani abadilishe kazi apige msasa. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba mti haumsubiri mtu apumzike. Alirudi hata hivyo, na safari hiyo alikuja na mjukuu wake ili ajifunze yale mazoezi, maana yeye alisema anayasahau. Sidhani kama alikuwa anayasahau.

Hela sasa. Mtwara hela ina msimu, korosho zikianza kuuzwa kuanzia mwezi wa kumi hivi watu wana fedha, harusi zinafuatana, jando na unyago vya likizo ya Desemba, vikundi vinaitwa, na migongo nayo inakuja kwa wingi maana wamevuna, wamebeba magunia. Kuanzia mwezi wa pili kunakuwa kukavu. Kwenye sanaa ukavu ule ulikuwa unatuua, tunakaa hakuna shughuli mpaka mtu afadhili. Kuchua kumenisaidia hapo, maumivu hayasubiri mnada wa korosho. Napunguza bei miezi mikavu, sifanyi mkopo, maana mkopo wa kuchua haulipwi, mtu akishapona anasahau kama aliumwa. Wa nishike tu bega kidogo nimewatengea siku moja kwa wiki, asubuhi, dakika kumi kila mtu, kwenye kiti na nguo zake, bei ndogo. Ndugu wanakuja siku hiyo na wanalipa, hata shangazi.

2020 mwezi wa tatu mikusanyiko iliposimamishwa kazi zote mbili zililala kwa mpigo, ngoma hakuna na mtu anaogopa kushikwa. Nililima. Sina la kuongeza hapo.

Kuna kitu kitanda kimenifundisha kuhusu uongozi na laiti ningekuwa na kitanda kile toka mwanzo vikao vyangu vingekuwa vifupi. Mtu akilala kifudifudi dakika kumi za kwanza anaongea mambo ya juu juu, mvua, bei ya korosho, mpira. Usipomjibu sana anaanza kunyamaza, na baada ya ukimya ndo linatoka lililomleta. Kwenye vikao vya sanaa sisi tunafanya kinyume, wa kwanza kunyoosha mkono ndo tunaandika maneno yake kwenye muhtasari, na huyo mara nyingi amekuja na mvua na bei ya korosho. Siku hizi nikiitwa kusimamia kikao cha kikundi naacha watu waongee ya juu juu wamalize, naagiza chai na ming'oko, vile viazi pori vya huku kwetu, alaf namuuliza aliyekaa kimya kuliko wote. Mara nyingi ni mpiga ngoma. Na mara nyingi anajua hela ilipoenda.

Ila kinachosemwa kitandani kinabaki kitandani, hilo halina mjadala. Niliwahi kuwa na mwenyekiti wa kikundi kimoja na katibu wake, hawasalimiani mwaka mzima, kila mmoja anakuja kwangu kwa siku yake, kila mmoja anamsema mwenzie mgongo ukiwa mikononi mwangu, na misuli inakaza palepale pa shingo wote wawili. Ningeweza kubeba neno la upande mmoja nikalipeleka upande wa pili, na ningejiona nasuluhisha. Sikubeba. Nilichofanya ni kuwapangia siku moja, mmoja saa nne mwingine saa nne na nusu, wakakutana kwa bibi chumba cha mbele. Bibi akawauliza nyie si wa kikundi kimoja nyie.

Kwenye maandiko ya mradi ninayowaandikia vikundi siku hizi kuna mstari unaosema matunzo ya mwili wa msanii. Unabeba mapumziko, maji, kuchuliwa na nauli ya hospitali kwa atakayeumia. Mfadhili mmoja aliukata, akasema wao wanafadhili sanaa si starehe. Nikamuuliza kwa adabu kwanini alipitisha mstari wa kuwamba ngozi mpya kwenye ngoma. Akasema ngoma ni kifaa. Nikamwambia basi andika na mcheza ngoma ni kifaa, mie sitajisikia vibaya. Alipitisha nusu yake, na nusu ile nyingine bado tunaidai kila mwaka, kila mwaka wanaikata, na kila mwaka naiandika tena kwa maneno yaleyale bila kubadilisha hata nukta.

Uongozi wa kikundi nimemwachia binti mmoja, yeye ni mchezaji mzuri ila muoga wa wakubwa. Juzi kanipigia usiku nimeshalala, wana shughuli Lindi pale uwanja wa Ilulu na waandaaji wamekwishamdokeza kwamba mgeni rasmi huenda akachelewa sana, anauliza afanyeje. Nikamwambia kifungu cha nne, kisome. Akasema kashakisoma mama, nakijua kwa kichwa, nataka tu mtu aniambie ndiyo. Nikamwambia ndiyo, na maji ya kunywa uyadai kabla hamjashuka kwenye gari.